Kiakadi kwa aliyekaa mkekani

Nasomesha watoto chuo cha Kurani, hapa Wete, Pemba, na Kiakadi nimekianza ukubwani, usiku, nyumba ikishatulia. Kama ulikaa mkekani ukasoma irabu kwa kuimba, basi nusu ya njia umeshaikata.

Kiakadi ni lugha ya kale ya Wababeli na Waashuri, huko Iraki ya leo. Na Kiarabu ni ndugu. Anza na Kibabeli cha kale, cha zama za Hammurabi, mfalme wa karne ya 18 KK. Yale maandishi yao ya misumari, alama zinazodidimizwa kwenye udongo, yaweke kando kwanza, soma kwa herufi zetu hizi.

Chukua neno moja: bītum, nyumba. Ni beit ile ile ya Beit el-Ajaib pale Forodhani, Unguja. Nyumba ikiwa ndiyo yenye kutenda, bītum. Ikitendwa, bītam. Ikifuata “ya” au “katika”, bītim. Dhumma, fat-ha, kasra: u, a, i! Hiyo m ya mwisho ishike kama tanwini, ile n ya mwisho ya Kiarabu.

Panapowakwaza wenye Kiarabu ni kooni. Ain na ha nzito Waakadi walizimeza, na mara nyingi a ya jirani ikageuka e. Ba‘l ikawa bēlum, bwana. Mimi nilihangaika wiki nzima nikitafuta ain kwenye kamusi, mpaka nikajicheka: kwani sisi tumeifanya nini? ‘Ilm kwetu ni elimu, na hakuna anayelalamika. Jicho, ambalo kwa Kiarabu ndilo jina la herufi yenyewe, ‘ayn, wao wanaliita īnum. Herufi imepotea hata ndani ya jina lake.

Sasa soma sheria ya 196 ya Hammurabi, iliyochongwa kwenye jiwe jeusi ambalo leo liko Louvre, Paris:

Šumma awīlum īn mār awīlim uḫtappid, īnšu uḫappadū.

Š ni sh, ḫ ni kh. Šumma ni “ikiwa”. Awīlum wengi huandika “mtu” tu, lakini mimi nasema ni muungwana, maana sheria ya 199 inamtaja mtumwa, na jicho lake hulipwa kwa nusu ya bei yake. Mār ni mwana, -šu ni “yake”. Basi: muungwana akimharibu jicho mwana wa muungwana, nalo lake litaharibiwa. Tazama kitenzi kimekaa mwisho, Kiarabu hakifanyi hivyo. Tabia hiyo waliichukua kwa Wasumeri, watu wa kale wa nchi ile ile, pamoja na maandishi.

Sentensi hiyo ikishakaa kichwani, shika udongo. Nilijaribu donge la chapati, alama zikajifumba zenyewe. Tafuta udongo wa kufinyangia vyungu, donge litoshe kiganjani. Chelewa haifai, ncha yake ni mviringo. Chonga mwanzi uwe na pembe kali, udidimize pembe, uinue. Usikokote kama kalamu.

Anza na tarakimu. Msumari mmoja uliosimama ni 1, alama ya pembe iliyolala, kama <, ni 10, kwa hiyo pembe mbili na misumari mitatu ni 23. Msumari ule ule mmoja huweza kuwa 60 pia, kwa kuwa walihesabu kwa sitini, na ni ipi kati ya hizo utaijua kwa hesabu yenyewe. Kibao ukianike kivulini. Changu cha kwanza nilikiweka juani, kikapasuka kati ya 10 na 3.