Draiva ya diski: ipi iingie ndani ya kerneli, ipi ibaki moduli

Tukuyu, mvua inanyesha tangu asubuhi, nipo kwenye chumba cha kompyuta cha sekondari moja. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, nimeikompaili nyumbani kwangu Mwanjelwa, nimekuja nayo kwenye flashi. Naiweka, nawasha, skrini inagoma hapa:

VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(8,1)

Yaani kerneli imeshindwa kufungua diski yenye mfumo. Kosa lilikuwa langu. Ext4, mfumo wa faili wa diski hiyo, nilikuwa nimeiacha moduli, yaani kipande cha pembeni ambacho kerneli hukipakia baadaye kikihitajika.

Moduli hukaa /lib/modules, ndani ya diski ileile ambayo kerneli bado haijaweza kuisoma. Ni ufunguo wa stoo uliofungiwa stoo. Kwa hiyo kama mashine inabuti bila initramfs (furushi la faili linalopakiwa kwenye RAM pamoja na kerneli), chochote kilicho kati ya kerneli na / (mzizi wa faili zote) lazima kiwe ndani. Na si kitu kimoja. Wengi huweka AHCI wakadhani wamemaliza, kumbe diski ya SATA inataka vitatu: SATA_AHCI kwa ajili ya kidhibiti, BLK_DEV_SD kwa ajili ya diski yenyewe, na mfumo wa faili, mara nyingi EXT4_FS. Ukikosa kimoja, umekwama. Kwa diski ya NVMe (SSD isiyopitia SATA), weka BLK_DEV_NVME badala ya hivyo viwili vya kwanza.

Usikisie. Mashine ikiwa bado inawaka na kerneli ya zamani, andika lspci -k, tafuta kidhibiti cha diski, usome jina la draiva inayotumika. Kisha findmnt / itakuambia mfumo wa faili. Yaandike kwenye daftari. Ndipo ufungue make menuconfig, menyu ya kuchagua vya kujenga: kwa hivyo ulivyoandika, pamoja na BLK_DEV_SD kama diski ni ya SATA, bonyeza Y, ipate nyota, draiva nyingine za diski bonyeza M.

Hivyo vingine ni kama draiva ya DVD, flashi na diski za nje. Hizo huhitajika mashine ikishawaka, na kwenye kompyuta kuukuu yenye RAM ya GB 1 sioni sababu ya kuzibeba muda wote, maana kilichojengwa ndani hakitoki mpaka uzime. Moduli unaitoa kwa modprobe -r.

Debian na Ubuntu huziacha draiva nyingi za diski kuwa moduli kwa sababu kerneli moja inapaswa kufaa mashine za kila aina. Initramfs ndiyo inayozibeba hadi zifike kwenye RAM kabla kerneli haijaigusa diski. Njia hiyo ni sahihi kabisa, ila ukibadilisha moduli kumbuka update-initramfs -u. Mimi kwa kompyuta za shule, ambazo nikiondoka hapa Mbeya hakuna fundi karibu, najenga ndani. Vitu vya kuharibika vinapungua.

Ukikwama, soma namba kwenye mabano. Ikiwa (0,0), kerneli haijaiona diski kabisa: angalia kidhibiti, au root= (inayotaja diski ya mfumo) uliyoandika kwenye GRUB, programu inayoianzisha kerneli. Ikiwa (8,1), sda1 (sehemu ya kwanza ya diski ya kwanza) imeonekana ila haisomeki, kwa hiyo tafuta kosa kwenye mfumo wa faili. Namba hizo mbili ndizo zilizonitoa Tukuyu kabla ya giza.

Na kerneli ya zamani usiifute kwenye GRUB mpaka mpya iwe imebuti salama, ukaizima na kuiwasha tena mara kadhaa.