Kurudisha Mwanga wa Taa na Nguvu ya Umeme katika Pikipiki ya Zamani

Anayesafiri kwa pikipiki baada ya magharibi kati ya Tabora na Sikonge, au anayerudi mjini akitokea Ulyankulu wakati wa masoko ya tumbaku, hana budi kuwa na taa inayomwonyesha mkokoteni wa ng'ombe kabla hajaufikia. Mkokoteni huo hauna taa, ng'ombe wenyewe wana rangi ya udongo wa barabara, na taa ya mbele inayotoa mwanga wa njano kama wa kibatari humwonyesha dereva yale tu ambayo tayari yako chini ya gurudumu lake. Kwa sababu hiyo ninaliona suala la taa hafifu kuwa zito kuliko wengi wanavyolichukulia, na ninaandika kwa ajili ya wenzangu ambao bado wanatumia pikipiki za zamani, kama vile Honda CG125 za mwanzo zenye mfumo wa volti 6.

Pikipiki yangu ni ya aina hiyo, nayo nilirithi kwa baba aliyekuwa bwana shamba. Katika muda wa miaka miwili nilinunua betri tatu kwa ushauri wa fundi mmoja, kila mara nikiambiwa kwamba betri imekufa, na kila mara taa ya mbele ikabaki vilevile. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba katika pikipiki hiyo taa ya mbele haitegemei betri hata kidogo. Fedha zile zilipotea kwa sababu hakuna aliyepima kabla ya kubadilisha, na jambo ninalosisitiza katika maelezo haya ni hilohilo: umeme hafifu upimwe kwanza, ijulikane unapotelea wapi, kisha ndipo spea inunuliwe.

Inafaa kuanza kwa kuelewa umeme unavyozalishwa. Ndani ya kifuniko cha injini kuna gurudumu zito lenye sumaku linalozunguka pamoja na shafti, na karibu na sumaku hizo zimefungwa koili za waya wa shaba. Katika pikipiki nyingi za zamani, koili moja au sehemu yake hupeleka umeme wa mkondo geu (AC) moja kwa moja kwenye taa ya mbele, na sehemu nyingine hupitisha umeme kwenye rektifaya, ambayo huugeuza kuwa mkondo mnyoofu (DC) wa kuchaji betri. Betri nayo huhudumia honi, indiketa na taa ya breki. Njia rahisi ya kutambua mfumo wako ni kufungua swichi ya ufunguo na kuwasha taa injini ikiwa imezimwa. Iwapo honi inalia na indiketa zinawaka lakini taa ya mbele haiwaki kabisa, fahamu kwamba taa hiyo inakula umeme wa koili, na kwamba kufifia kwake injini inapokuwa sailensa, yaani ikiunguruma polepole bila kuongezewa mwendo, ni kawaida wala si ugonjwa. Ugonjwa ni pale inapoendelea kufifia hata mwendo ukiongezeka.

Kabla ya kugusa waya wowote, itoe balbu na usome maandishi kwenye kitako chake. Balbu ya volti 12 ikifungwa kwenye mfumo wa volti 6 hutoa karibu sehemu moja tu ya kumi ya mwanga wake, nayo si ajabu kuikuta, kwa kuwa madukani za volti 6 zimekuwa adimu na muuzaji huuza aliyonayo. Balbu ambayo kioo chake kimekuwa cheusi kwa ndani ibadilishwe hata kama bado inawaka. Halafu tazama rifleta, yaani bakuli linalong'aa nyuma ya balbu. Ikiwa ni vumbi tu limeingia, isuuze kwa maji safi na kuiacha ikauke yenyewe, kwa maana ukiisugua kwa kitambaa utauondoa ule utando wa rangi ya fedha unaorudisha mwanga, na hapo hakuna balbu itakayokusaidia.

Sasa nifike mahali ambapo, kwa uzoefu wangu, mwanga mwingi hupotelea, yaani njiani kati ya koili na balbu, na zaidi katika njia ya kurudi kupitia chuma cha fremu, ambayo mafundi huiita ethi. Balbu ya wati 35 kwenye volti 6 huvuta karibu ampea 6, ilhali balbu ya wati hizohizo kwenye volti 12 huvuta karibu ampea 3 tu. Kiungo chenye kutu hupoteza volti kulingana na wingi wa ampea zinazopita, hivyo pikipiki ya volti 6 hupoteza volti maradufu kwa kutu ileile. Aidha, mwanga wa balbu hushuka haraka kuliko volti zenyewe: volti 1 ikipotea kwenye mfumo wa volti 6, mwanga hupungua kwa karibu nusu, na ikipotea kwenye mfumo wa volti 12, hupungua kwa karibu robo.

Kupima hasara hiyo kunahitaji testa ya kawaida, yaani kile kipimo cha umeme chenye ncha mbili (multimita). Iweke kwenye kipimo cha volti za mkondo geu ikiwa taa inategemea koili, au za mkondo mnyoofu ikiwa inategemea betri. Washa injini, iongezee mwendo wa wastani, washa taa, kisha gusa kwa ncha moja waya wa ethi nyuma ya balbu na kwa ncha nyingine chuma safi cha injini. Usomaji unapaswa kukaribia sifuri. Ukizidi volti 0.3, ethi ina kasoro. Fanya vivyo hivyo upande wa waya unaoleta umeme, ukisogeza ncha kiungo baada ya kiungo kutoka kwenye waya wa koili hadi kwenye balbu, na mahali ambapo namba inaruka ghafla ndipo palipo na kasoro. Ni lazima taa iwe inawaka wakati wa kupima, kwa sababu waya uliokwisha kuliwa na kutu huonyesha volti kamili pale usipobebeshwa mzigo, na kipimo cha namna hiyo kimewapotosha watu wengi. Asiye na testa achukue waya mnene wa urefu wa mita 1, aunganishe ethi ya taa moja kwa moja na bolti ya injini. Mwanga ukiongezeka papo hapo, jibu limepatikana.

Kwangu tatizo lilikuwa bolti moja chini ya tangi la mafuta. Nilifunga koki, nikachomoa mpira wa petroli, nikaliweka tangi mbali na jiko, na pale kwenye fremu nikakuta kichwa cha waya wa ethi kimevaa ukoko wa kijani uliochanganyika na vumbi jekundu la barabara zetu. Nilipokifungua, chini yake hapakuwa na chuma kitupu bali rangi nyeusi, maana aliyewahi kuipaka fremu rangi upya alirudisha waya juu ya rangi hiyo, na umeme wote wa taa ulikuwa ukipita kwenye nyuzi chache za bolti. Nilipiga msasa hadi chuma kikang'aa, nikasafisha kichwa cha waya kwa mswaki wa chuma, nikaweka washa yenye meno, nikakaza, na mwisho nikapaka vaselini kuzuia maji ya masika. Jioni ile taa ilikuwa nyeupe.

Hata ethi ya fremu ikiwa nzima, ninashauri kuongeza waya mwingine wa unene wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye taa hadi kwenye injini. Uwe waya wa magari wenye nyuzi nyingi, si ule mgumu wa nyumbani wenye uzi mmoja, kwa kuwa mtikisiko wa barabara huukata ndani ya ganda bila wewe kuona. Viungo vya waya vibanwe kwa plaizi au vichomelewe kwa risasi. Kusokota waya na kuufunika kwa tepu nyeusi ni kujiandalia tatizo la mwaka ujao, kwani tepu hulegea kwa joto na kutunza unyevu. Swichi ya usukani nayo ifunguliwe juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu ina springi na golori ndogo zinazoruka, kisha vidole vyake vya shaba visuguliwe taratibu.

Ikiwa njia yote ni safi na taa bado ni hafifu, geukia koili. Chomoa waya wake, na injini ikiwa imezimwa upime ukinzani kati ya waya huo na chuma cha injini. Kwa kawaida huwa chini ya omu 2, basi kwanza gusanisha ncha za testa zenyewe ili ujue ni kiasi gani cha kutoa. Koili iliyoungua huwa nyeusi na hunuka. Mafundi wa kusuka mota wanaweza kuisuka upya, mradi wapewe ile ya zamani wahesabu mizunguko na kupima unene wa waya. Gurudumu la sumaku litolewe kwa pula yake, yaani kifaa cha kulivuta, kamwe lisigongwe nyundo, kwa kuwa kugongwa kunaweza kuzipasua sumaku au kuzipunguzia nguvu.

Kuhusu betri, ile ya volti 12 iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi, na ya volti 6 husoma 6.3 au zaidi, baada ya kupumzika saa chache. Injini ikiwa katika mwendo wa wastani, ya kwanza inapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5, na ya pili hadi karibu 7. Isipopanda, kagua fyuzi, waya na rektifaya. Ikizidi 15 kwenye mfumo wa volti 12, regyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti volti za kuchaji, imeharibika na betri itachemka. Maji yakipungua, ongeza maji ya betri yaliyotoneshwa, si asidi wala maji ya kisima. Pikipiki inayokaa muda mrefu bila kutumika itolewe betri na kuchajiwa kila mwezi. Unapoitoa, anza na waya wa hasi, na unapoirudisha, hasi iwe ya mwisho.

Wengi hukimbilia balbu za LED. Kwa kawaida zinafaa pale tu taa inapolishwa na betri ya volti 12, kwa maana kwenye mkondo geu nyingi hupepesa, na kwenye volti 6 nyingi haziwaki ipasavyo. Balbu ya wati 60 nayo isifungwe kwenye pikipiki iliyoundwa kwa wati 35, kwa kuwa koili haiwezi kutoa isichokuwa nacho, na swichi inaweza kuyeyuka.

Mwisho, elekeza taa. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani giza linapoingia, ukae juu yake na mzigo wako wa kawaida nyuma, na ulegeze nati za taa hadi ukingo wa juu wa mwanga wa chini (dimu) uangukie sentimita 5 hadi 10 chini ya kimo cha taa yenyewe. Kaza, halafu baada ya wiki moja ya barabara ya vumbi zikague tena nati hizo pamoja na bolti ya ethi.