Kanula Ikikatikia Mshipani: Hatua za Kuchukua Kabla ya Rufaa

Unapochomoa kanula, yaani mrija mwembamba wa plastiki unaoachwa ndani ya vena ili kupitishia dawa, ukaona ncha ya plastiki imepungua, funga mkono wa mgonjwa kwa mpira papo hapo, karibu na kwapa, kwa maana damu ya vena hurudi moyoni na inaweza kuondoka na kipande hicho. Kaza kiasi cha kuzuia vena peke yake. Ukigusa kifundo cha mkono usisikie mapigo, umekaza mno, legeza kidogo. Andika saa uliyofunga. Mgonjwa alale, mkono utulie, na mtu yeyote asiukandekande kutafuta kipande, kwani kukanda ndiko kunakokisukuma mbele.

Kanula iliyobaki usiitupe. Ilaze kando ya kanula nzima ya rangi ileile, upime tofauti kwa rula: ya pinki huwa na plastiki ya milimita 32 hivi, kwa hiyo ikibaki 20, andika kwenye barua ya rufaa kwamba milimita 12 zimo mwilini. Mgonjwa naye aelezwe ukweli wote, kwa upole. Ni haki yake.

Hospitalini kipande hutafutwa kwa altrasaundi na eksirei. Kikiwa bado mkononi, daktari hupiga ganzi, hupasua kidogo juu ya mshipa na kukitoa. Kikishafika moyoni au kwenye mishipa ya mapafu, hufuatwa kwa waya wenye kitanzi unaopitishwa kwenye vena ya paja huku daktari akiutazama kwenye eksirei ya moja kwa moja. Utoaji wa kipande moyoni bila kupasua kifua uliripotiwa tangu 1964, lakini huhitaji mtambo maalumu kama ule wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Ndiyo maana ninasisitiza ule mpira wa dakika ya kwanza.

Chanzo kikubwa cha kukatika ni kurudisha sindano ya kuingizia kanula ndani ya plastiki baada ya kuivuta nyuma, kwani ncha yake huikata. Kwenye baridi ya Juni na Julai, Makete, Njombe au Tukuyu, vena hujificha na kishawishi hicho huwa kikubwa; ufunike kwanza mkono kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na ukikosa mshipa, chomoa vyote pamoja uanze na kanula mpya. Plasta nayo ibanduliwe kwa vidole, kamwe isikatwe kwa mkasi wala wembe.