Somo: Kuandika Kiyi kwenye kompyuta bila maandishi kuharibika

Wakuu, somo hili ni la mwandiko wa Wayi (kabila linalosema Kiyi) wa Liangshan, mkoa wa Sichuan, China, ule uliosanifiwa na kupitishwa rasmi mwaka 1980. Alama moja ni silabi nzima pamoja na toni yake.

Hatua ya 1: Tumia misimbo sahihi. Katika Yunikodi, mfumo wa kimataifa unaoipa kila alama namba yake (mfano U+A000), silabi pamoja na alama moja ya kurudia zimekaa U+A000 hadi U+A48C, jumla 1,165. Kuanzia U+A490 hadi U+A4C6 kuna alama 55 za kupangia kamusi. Hizo usiandikie maneno hata zikifanana na silabi, kwani anayetafuta neno hatalipata.

Hatua ya 2: Hifadhi faili kwa UTF-8, njia ya kuandika namba za Yunikodi kama baiti. Kila silabi inakula baiti 3. ꆈ (nuo), U+A188, ni EA 86 88. ꌠ (su), U+A320, ni EA 8C A0. Kwa hiyo ꆈꌠ, "Nuosu" (jina ambalo Wayi wa Liangshan hujiita), ni baiti 6. Sehemu iliyowekewa kikomo cha baiti 10 itabeba silabi tatu, na ya nne itakatwa katikati na kuharibika.

Hatua ya 3: Weka fonti: Noto Sans Yi, Nuosu SIL, au Microsoft Yi Baiti ya Windows. Kwenye HTML (msimbo wa kurasa za wavuti) andika lang="ii", alama ya lugha ya Kiyi.

Ukiona visanduku, fonti haipo. Maandishi yenyewe ni mazima. Ukiona ê†ˆ badala ya ꆈ, faili limesomwa kama Windows-1252, mfumo wa zamani wa herufi za Kilatini. Hapo usihifadhi kabisa! Lifunge, ulifungue upya kwa UTF-8.

Swali: Mkuu, ꀁ (ix) ni kama silabi nyingine iliyovikwa upinde juu. Naweza kuandika silabi hiyo kisha nikaongeza upinde?
Jibu: Hapana. ꀁ ina msimbo wake, U+A001, na Yunikodi haiigawi vipande. Ukiunga mwenyewe, kompyuta itaona neno jingine.

Swali: Programu yangu ya kugeuza Kiyi kuwa herufi za Kilatini inatoa "wu" mahali pasipoeleweka.
Jibu: Angalia U+A015, ꀕ. Jina lake rasmi linasema silabi WU, lakini ni alama ya kurudia silabi iliyotangulia. Jina lilikosewa, na majina ya Yunikodi hayabadilishwi, ndiyo maana likaongezewa jina la marekebisho. Itenge kwenye msimbo wako: rudia silabi iliyoitangulia.

Swali: Miswada ya kale ya Kiyi ya mkoa wa Guizhou je?
Jibu: Misimbo hii ni ya mwandiko sanifu wa Liangshan tu. Tafadhali msibandike alama inayofanana. Wekeni picha ya ukurasa.