Kupima chumvi ya kisima Mombasa: hatua kwa hatua, kwa saa ya bahari

Swali ninaloulizwa zaidi ninapopita Kisauni, Likoni au Mji wa Kale na vifaa vyangu ni hili: "Maji ya kisima chetu yameanza kuwa na chumvi. Ni bahari imeingia?" Kuonja hakutoi jibu, maana ulimi huzoea. Kipimo kimoja nacho hakitoshi, hata kiwe cha bei gani.

Hilo nilijifunza kwa kukosea. Bi mmoja wa Kisauni aliniita nimpimie. Nilifika saa nne asubuhi, kifaa changu cha kupima chumvi kikasoma 1,400 (namba ikiwa kubwa, chumvi ni nyingi). Nikamwambia maji yake ni ya wastani, yafaa kwa kazi nyingi za nyumbani. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, hebu rudi uyapime alasiri." Nilirudi saa kumi na moja. Kisima kile kile, ndoo ile ile: 2,900. Siku hiyo ilikuwa ya bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, na mimi niliyekulia karibu na bahari sikuwa nimeangalia mwezi. Tangu hapo sikubali namba yoyote ya kisima cha Pwani isiyoandikwa pamoja na saa na hali ya bahari.

Mwongozo huu ni wa kisima cha kuchimbwa kwa mkono, kile cha uani au cha msikitini, kinachofunguka ukachungulia ndani.

Kwanza, ujue kilicho chini ya ua wako

Sehemu kubwa ya kisiwa na ya ukanda wa pwani imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Mwamba huu una matundu na nyufa, na maji hupita ndani yake upesi. Mvua inayonyesha juu huzama na kujikusanya chini, ikielea juu ya maji ya bahari yaliyopenya kutoka ufuoni. Maji matamu ni mepesi: lita ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, ya maji ya mvua kilo 1. Tofauti ni ndogo, lakini ndiyo inayokupa maji ya kuoga.

Kutokana na tofauti hiyo kuna hesabu waliyoigundua Badon Ghijben, Mholanzi, na Herzberg, Mjerumani, kila mmoja kwa wakati wake, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa igeuze. Ukivuta hadi maji yakashuka sentimita 10 tu, na yakabaki hapo kwa muda mrefu, mpaka wa chumvi chini yako unaweza kupanda mita 4. Katika mwamba halisi mpaka huo si mstari mkali, ni tabaka la mchanganyiko, lakini mwelekeo ni huo huo.

Tahadhari kwa walio upande wa Changamwe na Miritini: huko chini si matumbawe. Ni mwamba wa matope ya kale sana yaliyogandamana, nao mara nyingi hutoa maji ya chumvi yenyewe, hata mbali na ufuo. Ukiwa huko, usikimbilie kuilaumu bahari.

Hatua ya 1: vifaa

Tepu ya chuma ya mita 30, chaki, rangi ya mafuta kidogo, daftari, kalamu ya risasi (wino hukimbia ukilowa), na kifaa cha mkononi cha kupima upitishaji umeme wa maji. Kifaa hiki hufanya kazi kwa sababu maji safi kabisa karibu hayapitishi umeme. Chumvi iliyoyeyuka ndiyo hupitisha. Husoma kwa maikrosimensi kwa sentimita. Nunua kinachojirekebisha kwa joto hadi nyuzi 25, pamoja na kichupa cha maji ya kusawazishia yenye thamani ya 1,413. Kila asubuhi ya kazi, chovya kifaa humo kwanza. Kikisoma mbali na 1,413, kirekebishe kabla ya kutoka nyumbani.

Hatua ya 2: chagua siku kwa mwezi

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa ni kama saa 12 na dakika 25. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Siku za maji mafu hupungua sana. Jedwali la bandari ya Kilindini litakupa saa kamili, lakini wavuvi wa hapa hawalihitaji: siku za bamvua maji hupwa asubuhi kwenye saa nne na kujaa alasiri kwenye saa kumi. Ukipanga siku ya bamvua unapata pande zote mbili za bahari mchana mmoja, bila kumsumbua mtu usiku.

Pima siku moja ya bamvua na siku moja ya maji mafu, wiki moja baadaye. Hizo mbili ndizo kipimo kimoja kamili.

Hatua ya 3: weka alama, kisha pima kina

Piga hodi, jitambulishe, eleza unafanya nini na majibu yatamfikia nani. Halafu mwombe mwenye kisima asivute maji kwa nusu saa.

Tia alama ya rangi sehemu moja kwenye ukingo wa kisima. Vipimo vyote, leo na miaka ijayo, vitaanzia hapo. Paka chaki mita moja ya mwisho ya tepu, ishushe hadi ncha iingie majini, na usimamishe namba kamili kwenye alama, tuseme mita 12.00. Ipandishe uangalie chaki imelowa hadi wapi. Ikiwa imelowa sentimita 38, maji yako mita 11.62 kutoka ukingoni. Rudia. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya sentimita 1, kuna kosa mahali. Pima cha tatu.

Hatua ya 4: pima chumvi juu na chini

Wengi huharibu kazi hapa. Huchota ndoo ya juu, wakapima, wakaondoka. Chumvi ni nzito, hukaa chini, na kisima kinaweza kuwa na maji mazuri juu na maji ya bahari mita mbili chini yake. Chota ya juu kwa utaratibu bila kukoroga. Kisha chukua chupa nzito yenye kizibo kilichofungwa kamba yake ya pili, ishushe karibu na chini, vuta kizibo, isubiri ijae, uipandishe. Suuza kifaa kwa maji ya sampuli yenyewe, pima, andika zote mbili.

Hatua ya 5: fuata bahari

Siku ya bamvua, rudia hatua ya 3 na ya 4 kila saa kuanzia saa nne asubuhi hadi magharibi. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato, na siku moja ya namna hii kwa kila kisima inatosha kwa mwaka mzima.

Utaona maji ya kisima yakipanda na kushuka, lakini si sawia na bahari. Yanachelewa, na mpando wake ni mdogo. Kisima kilicho karibu na ufuo, au kwenye ufa mzuri wa matumbawe, hufuata haraka. Cha mbali huchelewa zaidi au hakisogei kabisa. Andika ucheleweshaji huo pembeni ya jina la kisima. Ukishaujua, safari zijazo utakwenda mara mbili tu: wakati wa chini kabisa na wa juu kabisa wa kisima, si wa bahari.

Hatua ya 6: soma namba zako

Maji ya bahari husoma kama 50,000. Kwa hiyo kila asilimia 1 ya bahari iliyoingia kisimani huongeza karibu 500. Ikiwa visima vya jirani vilivyo mbali na ufuo vinasoma 600 na chako kinasoma 3,000, toa 600 ubaki na 2,400: karibu asilimia 5 ya maji yako ni bahari. Ni makadirio, lakini yanasema kweli kiasi cha kufanyia uamuzi. Na asilimia ndogo huonekana kinywani mapema: bahari ina kloridi karibu miligramu 19,000 kwa lita, na ladha ya chumvi huanza kusikika kwenye 250. Asilimia 2 tu tayari inavuka hapo.

Sasa angalia mwendo wake. Namba ikipanda na kushuka kwa saa ya bahari, na ya maji ya chini ya kisima ikizidi sana ya maji ya juu, bahari imefika. Namba ikiwa imepanda mwaka baada ya mwaka lakini haijali bamvua wala maji mafu, shuku kitu kingine, na mara nyingi kiko ua huo huo.

Hatua ya 7: angalia choo

Chumvi haiui mtoto kwa siku mbili. Maji ya choo yanaweza. Mitaa yetu mingi haina mabomba ya maji taka, na choo cha shimo hukaa hatua chache kutoka kisimani. Matumbawe yenye nyufa hayachuji vizuri. Visima vya Kisauni vilichunguzwa na wanasayansi wa Kenya, uchunguzi ukachapishwa mwaka 2006, na jambo kuu lililowashughulisha lilikuwa hili hili: vyoo na visima kugawana ardhi.

Tumia vipande vya karatasi vya kupimia naitreti, kemikali ambayo maji ya choo huiacha kisimani. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, maji hayo yasichanganyiwe maziwa ya mtoto mchanga, na mwambie mama wazi kwamba kuchemsha hakuondoi naitreti, kama kusivyoondoa chumvi. Kwa vijidudu, chukua chupa iliyotakaswa ya maabara, usiguse mdomo wake, iweke kwenye boksi la barafu bila kuigandisha, na uifikishe maabara ndani ya saa 6. Maji ya kunywa hayapaswi kuwa na kijidudu cha E. coli hata kimoja katika mililita 100.

Jambo hili nawaeleza watu kila masika, na kila masika wananishangaa. Mvua kubwa ikinyesha, chumvi ya kisima hushuka, maji huwa matamu, kila mtu hufurahi. Ndizo siku ambazo mashimo ya vyoo yamejaa na maji yake yanateremka kwenye nyufa. Nimepima kisima kilichosoma 700, kizuri kuliko mwaka mzima, na majibu ya maabara ya siku ile ile yakarudi mabaya kuliko yote. Ulimi utakuambia unywe. Usiusikilize, tia klorini au chemsha, hasa wakati maji yanapokuwa matamu.

Hatua ya 8: kabla hujachimba zaidi

Kisima kikipungua maji wakati wa kaskazi, fundi atakushauri ukiongeze kina. Kwenye matumbawe ya Mombasa huo ndio ushauri ninaoupinga kwa nguvu zangu zote. Ukiteremka unalifuata tabaka la chumvi lilipo. Fanya kinyume: pandisha mdomo wa pampu ukae karibu na uso wa maji, na badala ya kuvuta saa mbili mfululizo, vuta nusu saa, upumzishe kisima, uvute tena, ukijaza tangi kidogo kidogo. Vuta wakati ambao daftari lako linaonyesha chumvi ni kidogo. Na paa lako likamate mvua: waliojenga Fort Jesus, kazi iliyoanza mwaka 1593, bahari ikiwa mbele yao, walihitaji birika la maji ya mvua ndani ya kuta.

Kama bado unataka kisima cha mashine, kibali hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Nenda na daftari lako.

Andika kila safari mstari mmoja: tarehe, saa, bamvua au maji mafu, kina, chumvi ya juu, chumvi ya chini, mvua ya wiki iliyopita. Mwachie mwenye kisima nakala siku hiyo hiyo, kwa Kiswahili, kabla namba hazijaenda kwa mtu mwingine yeyote. Yule bi wa Kisauni ameipachika yake ndani ya mfuko wa plastiki nyuma ya mlango wa jikoni. Tulipandisha pampu yake mita mbili, akaanza kuvuta nusu saa asubuhi na nusu saa usiku. Bamvua iliyofuata nilifika saa kumi na moja jioni, tukapima pamoja: 1,900. Aliiandika mwenyewe.