Dogo kaanza kuota ndevu? Kaa nae kabla hajashika wembe

Wazazi wenzangu, mtoto akifika miaka 13, 14 hivi unaanza kuona kamstari keusi juu ya mdomo, jua anajiangalia kwenye kioo kila siku hata kama hasemi, so usimcheke mbele ya watu. Wangu nilimkuta bafuni kashika wembe, uso mkavu, bila maji bila sabuni, keshajikata chini ya pua, ikabidi nikae nae tuanze upya.

Kama hataki kunyoa mwache tu, sio lazima. Akitaka, anyoe akitoka kuoga nywele zikiwa zimelainika, apake povu la sabuni laini, apitishe wembe taratibu kufuata nywele zinakoelekea, asivute ngozi wala kurudia rudia palepale. Nywele zetu zimejikunja, ukizikata chini sana ncha inarudi kuchoma ngozi, ndo vile vipele vya kidevuni, na kwa joto la Dar na jasho la kwenye daladala vinawasha balaa. Mi naona mashine inayobakiza kidogo ni bora kuliko wembe.

Na wembe uwe wake peke yake jamani, asichangie hata na kaka yake, damu kidogo tu inaweza kupitisha homa ya ini. Saluni nako amwambie kinyozi asafishe mashine kwa spiriti kabla ya kumgusa, asione aibu. Halafu ile ya kwamba ukinyoa zinaota nyingi zaidi sio kweli, mwambie mapema, wengine wananyoa hadi mashavu yasiyo na kitu.