Jinsi ya kugawana na kijana wako nani aamue nini, kwa familia zilizokimbia

Wazazi wengi wakimbizi wana kilio kimoja, mtoto tulitoka naye nyumbani ana adabu zake, tumefika huku miaka miwili tu kashabadilika, ukimwambia kitu anakujibu. Mi nimekulia ukimbizini, nilikuwa huyo mtoto, sa hii ni mzazi na nakaa sana na vijana wa hali hiyo, na kwao sijasikia hata siku moja "wazazi watuache". Karibu wote wanakubali baba na mama wana haki ya kuamua, wanachobishania ni mambo gani. Kwa hiyo usianze na swali la "nani mkubwa hapa", hilo linajulikana, anza na mambo yenyewe moja moja.

Chukueni karatasi mbili, wewe yako na yeye yake, siku ambayo hamjagombana. Andikeni saa ya kurudi, shule, marafiki, simu, nguo, nywele, ibada, kazi za ndani, pesa, uchumba. Kila mtu aweke alama peke yake: hili la mzazi, hili la kijana, hili la wote. Alafu ndo mlinganishe. Utashangaa mengi mmekubaliana. Judith Smetana, mwanasaikolojia wa Marekani, amefanya utafiti wa mambo haya miaka mingi sana, na alichokuta ni kwamba matineja wanakubali mamlaka ya mzazi kwenye usalama na kwenye kutodhuru watu, vita inakuja kwenye nguo, marafiki na chumba, kwa sababu kijana anaona ni mambo yake binafsi na mzazi anaona ni heshima ya familia.

Kwetu wakimbizi hapo kuna kitu kingine tena. Mzazi ameacha nyumba, kazi, ndugu, makaburi ya wazee wake, kilichobaki mkononi ni mtoto, sasa akimwona na nywele za ajabu haoni nywele, anaona na huyu naye anaondoka. Kijana hajui hilo, anasikia tu "nyoa!" Basi sema hofu kwanza kabla ya amri. "Mwanangu, ukichelewa bila kupiga simu mi moyo unarudi ile siku tuliyotawanyika." Maneno kama hayo kijana anayasikia, nimeona wakubwa wa miaka 17 wanalia kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia.

Sasa suala la kutafsiri, na hapa naomba usome taratibu maana ndo linavunja mamlaka nyumbani kuliko simu zote. Watoto wanashika lugha mpya haraka, kwa hiyo mtoto ndo anakupeleka hospitali, anasoma barua, anaongea na mwenye nyumba, mchana anaendesha familia alafu jioni anaambiwa "nyamaza, wewe mtoto". Nilikuwa na miaka 13 daktari akaniambia majibu ya mama yangu nimwambie mimi, nikayakata nusu kwa kuogopa, na nikabaki na ile siri miezi. Usimpe mtoto mzigo huo. Hospitali, mahakamani, kwenye maombi ya hifadhi, na kwenye kikao cha shule kinachomhusu yeye mwenyewe, ulizia mkalimani mtu mzima, uliza hata kama unaona aibu. Kwa mambo madogo mtumie, ila mwambie kabla mnaenda kusema nini, jibu utoe wewe, yeye akupe sauti tu, na mkitoka mshukuru. Vijana wanasema hiyo shukrani tu inawatosha kurudi kuwa watoto.

Kuna na vitisho vya sheria. Mtoto anasema "nitaita polisi", mzazi anaogopa kunyang'anywa mtoto na anaacha kulea kabisa, yaani anakaa kimya. Wote wawili hawajaelewa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, kifungu cha 5, unatambua kazi ya mzazi kumwongoza mtoto kadiri uwezo wake unavyokua, cha 12 kinasema mtoto asikilizwe kwa mambo yanayomgusa, na cha 22 kinamtaja mtoto mkimbizi kabisa. Kusikilizwa sio kuamua kila kitu. Kuhusu kiboko, nchi nyingi zimekataza hata nyumbani, Sweden ilianza 1979, kwa hiyo ulizia sheria ya pale ulipo kwa mtu anayeijua, usitegemee umbea wala mtoto mwenyewe.

Mabinti wananiambia wanabanwa kuliko kaka zao kwa kosa lile lile. Kama karatasi zenu zinaonyesha hivo, toa sababu, na kama sababu huna punguza. Na kama anayelea ni kaka mkubwa au shangazi, mkubaliane mbele ya kijana nani anasema nini, asiwe anapokea amri tatu.

Msimfuatilie kila hatua. Watafiti wawili, Stattin na Kerr, walionyesha mwaka 2000, kwa vijana wa Sweden, kwamba mzazi anajua maisha ya mtoto zaidi kwa yale mtoto anayoeleza mwenyewe, sio kwa kumchunguza. Kwa hiyo akikuambia kweli mbaya, siku hiyo usimwadhibu kwa sababu amesema, pumua kwanza, muongee kesho.

Mwisho chagueni jambo moja tu la kujaribu, mfano saa ya kurudi, kwa wiki nne. Andikeni tarehe ya kukaa tena, na mwahidi atapata nini akitimiza, mfano nusu saa zaidi. Akiwa ametimiza, ongeza nusu saa siku hiyo hiyo kama ulivyoahidi, usiseme tutaona.